Shaaban Robert na Majina ya Watu Wasiokuwepo

Kila muhula hapa chuoni kuna mtu anaandika skripti. Wa sanaa za maonyesho wanaandika kwa ajili ya maksi, wa uhandisi na wa biashara wanaandika kwa sababu wameona simu inapiga picha nzuri na bumu limeingia. Kwa kuwa mimi nasoma Kiswahili, wengi huniletea niwasahihishie lugha. Nimesoma nyingi. Nyingine ni nzuri kweli, mtu anajua kujenga tukio na mazungumzo yanatembea. Lakini kuna kitu kimoja ambacho karibu wote hawakifikirii hata dakika tano, nacho ni majina. Shujaa ni Kelvin, mchumba wake ni Vanessa. Mlinzi wa getini lazima awe na jina la Kimasai. Dada wa kazi anapewa jina la mkoa fulani, mwizi la mkoa mwingine, mganga la mkoa wa tatu. Ukimuuliza mwandishi kwa nini, anakwambia limekuja tu.

Sasa mimi naamini jina haliji tu. Likija lenyewe bila kuitwa, ujue limetoka mahali ambapo hujapachunguza. Na katika lugha yetu yupo mtu aliyelifanyia kazi jambo hili maisha yake yote, ingawa hakuandika filamu hata moja. Ni Shaaban Robert. Wengi wetu tulikutana naye sekondari, tukakariri mwaka wa kuzaliwa na dhamira tatu, tukafaulu, tukamsahau. Hebu nimsimulie upya, safari hii kwa kufuata majina.

Tuanze na la kwake. Alizaliwa tarehe 1 Januari 1909 katika kijiji cha Vibambani, kusini mwa mji wa Tanga, enzi ambazo Tanganyika ilikuwa chini ya Wajerumani. Wazazi wake walikuwa na asili ya Kiyao, watu wa mbali kusini, lakini yeye alikulia pwani, akajihesabu Mswahili. Jina lake la kwanza ni la mwezi wa nane wa Kiislamu, ule unaotangulia Ramadhani. Watu wa pwani wanapenda kuwaita watoto kwa miezi, ndiyo maana tuna akina Rajabu na Ramadhani kila mtaa. Jina la pili ni la Kizungu kabisa, na mwenyewe alikuwa Mwislamu. Kwa hiyo mtu akilisikia jina lote kwa mara ya kwanza anajikwaa katikati: huyu ni nani, wa dini gani, wa wapi? Nadhani mtu aliyebeba jina la namna hiyo tangu utotoni hawezi kuyachukulia majina kuwa kitu cha mchezo. Kila alipojitambulisha, jina lake lilimtangulia na kusema nusu ya habari, na nusu hiyo haikutosha.

Alisoma Dar es Salaam kati ya 1922 na 1926. Wajerumani walikuwa wameshaondoka, sasa ni Waingereza. Alimaliza akiwa wa pili kati ya wanafunzi 11 waliopata cheti. Hakwenda juu zaidi ya hapo. Naomba tuliangalie hilo sisi tunaolalamikia sapu: mtu ambaye wasomi wanaandika tasnifu za uzamivu juu yake aliishia shule ya kawaida, mengine akajifundisha mwenyewe kwa kusoma usiku.

Mwaka 1926 akaajiriwa kuwa karani wa forodha, akaitumikia idara hiyo hadi 1944. Miaka 18! Sehemu ya miaka hiyo aliifanya Pangani, mji wa mdomoni mwa mto, majahazi yakiingia na kutoka. Hebu mfikirie karani wa forodha kazini. Siku nzima anaandika majina: ya manahodha, ya vyombo, ya wenye mali, ya bidhaa. Mhindi, Mwarabu, Mngazija, mtu wa bara aliyeshuka na mzigo. Mimi hupenda kufikiri kwamba hilo ndilo lililokuwa darasa lake la uandishi. Baada ya forodha alihamishwa bara kwa muda, kisha kuanzia 1946 akarudi Tanga katika ofisi ya wilaya, na kuanzia 1952 ofisi ya upimaji ardhi, mpaka 1960. Yaani karibu maisha yake yote ya utu uzima alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni. Mchana anaandika barua za ofisi, usiku anaandika vitabu.

Hapo ndipo majina yalipoanza kuwa jambo la hatari na la lazima. Mtumishi wa serikali wa wakati ule hakuwa na uhuru wa kusema siasa. TANU ilipozaliwa mwaka 1954, watumishi wa serikali hawakuruhusiwa kuwa wanachama. Karani mwenye mke na watoto, anayelala kwenye nyumba inayotegemea mshahara wa Mwingereza, hawezi kuandika riwaya kuhusu gavana dhalimu na kumpa gavana huyo jina la gavana. Hata jina la mji halisi lingetosha kumtia mashakani. Basi akafanya jambo ambalo kwa juu linaonekana la kitoto: akaanza kuwapa watu majina ya sifa, na nchi majina ya vitenzi.

Kusadikika kilichapwa mwaka 1951. Nchi yenyewe iko angani, haina ardhi ya kushika. Jina lake limetokana na kusadiki, na ule mnyambuliko wa -ika mliofundishwa kidato cha tatu unafanya kazi kubwa hapa: nchi inayoweza kusadikiwa. Jina linakuhakikishia kwamba nchi hiyo haipo, na papo hapo linakwambia unaweza kuiamini. Afisa wa kikoloni akilisoma anaona ngano, karani mwenzake Shaaban akilisoma anaona ofisi yao.

Katika nchi hiyo kuna kesi. Mshtakiwa anaitwa Karama, kosa lake ni kutaka watu wafundishwe sheria. Anayemshtaki ni waziri, anaitwa Majivuno. Karama anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa zamani pande zote za dunia, mashariki na magharibi, kaskazini na kusini, juu mbinguni na chini ardhini, watafute mambo mema ya kuiletea nchi. Walirudi nayo. Badala ya kushukuriwa, waliadhibiwa. Majina yao ni Buruhani, Fadhili, Kabuli, Auni, Ridhaa na Amini.

Tulipokuwa sekondari tuliyakariri majina haya kwa mpangilio kama jedwali la kuzidisha. Nakuomba sasa uyasome polepole kwa maana zake. Buruhani ni hoja, ushahidi ulio wazi. Fadhili ni hisani. Kabuli ni kukubali. Auni ni msaada. Ridhaa ni radhi, mtu kutaka kwa moyo wake. Amini ni mwaminifu. Sasa orodhesha waliotiwa adabu na serikali ya Kusadikika: Ushahidi, Hisani, Kukubali, Msaada, Radhi na Uaminifu. Hati nzima ya mashtaka dhidi ya utawala wa mabavu iko ndani ya majina sita, na mwandishi hakulazimika kuandika sentensi moja ya siasa. Serikali isiyotaka ushahidi wala ridhaa ya watu, hiyo kila aliyeishi Tanganyika ya miaka ya 1940 aliijua. Hata mpangilio wa mahakama unasema: Majivuno amesimama upande mmoja, Karama upande wa pili, kiburi kinaishtaki tunu.

Kwa hiyo nikisikia mtu anasema majina ya Shaaban Robert ni mepesi, yanatoa siri ya mhusika mapema, nakubali nusu. Yanatoa siri ya mhusika, ni kweli. Ila kuna siri nyingine yanaificha, siri iliyokuwa na thamani zaidi kwake: nani hasa anasemwa. Jina la wazi ndani ya hadithi lilikuwa pazia kwa mambo ya nje ya hadithi.

Mwaka uliofuata, 1952, kikaja Adili na Nduguze. Wengine mtakikumbuka kwa wale manyani wawili wanaopigwa mijeledi kila usiku. Ndugu ni watatu: Adili, Hasidi na Mwivu. Nilipokisoma tena mwaka huu nikasimama kwenye majina mawili ya mwisho. Hasidi ni neno lililotoka Kiarabu. Mwivu ni la Kibantu, lenye wivu ndani yake. Maana ni ile ile! Mwandishi ana ndugu wawili wabaya, na ubaya wao ni mmoja, basi akauita mara mbili, kwa mikono yote miwili ya lugha yetu. Mwanafunzi wa isimu hapo anaweza kupata mada ya insha nzima. Lakini hata asiyesoma isimu anahisi jambo: hawa wawili wanaonekana watu wawili, kumbe ni kitu kimoja, ndiyo maana daima wanakwenda pamoja.

Wengine katika kitabu hicho: mfalme anaitwa Rai, yaani fikra, shauri. Nchi yake ni Ughaibu, kutokana na ghaibu, mambo yasiyoonekana. Jini aliyewageuza wale ndugu kuwa manyani na kuamuru wapigwe ni Huria. Sisi tuliokulia enzi hizi neno hili tunalijua kutoka soko huria. Kwake ni binti wa kijini, ana nguvu, na adhabu yake haichoki. Kila usiku Adili anashika mjeledi huku roho inamuuma. Uadilifu unalazimishwa na Uhuru kuwaadhibu Husuda na Wivu, na ni Rai, shauri jema, anayeingilia kati mpaka wale wawili wanarudishiwa ubinadamu wao. Yote haya unaweza kuyasoma kama hadithi ya majini na ukafurahi bila kujua chochote. Watoto waliisoma hivyo kwa miaka mingi.

Neno adili alilipenda kwa muda mrefu. Alikuwa ametunga utenzi wa mawaidha kwa mwanawe wa kiume, akauita Adili. Binti yake Mwanjaa alimtungia mwingine, unaitwa Hati. Wote wawili wamo katika Maisha Yangu, kitabu chake cha tawasifu. Jina alilompa shujaa wa hadithi ndilo aliloliandika juu ya wosia wa mwanawe. Kwa hiyo tusidhani alikuwa anachomoa maneno kwenye kamusi. Na mke wake Amina, aliyefariki wakiwa bado vijana, alimtungia shairi la maombolezo ambalo mpaka leo linasomwa mashuleni. Amina na Amini ni mzizi mmoja. Mjumbe mmoja kati ya wale sita waliokwenda kutafuta mema na kurudi na kuadhibiwa ana jina linalokaribiana kabisa na la marehemu mkewe. Sitalazimisha maana yoyote hapo. Nasema tu kwamba mtu aliyezoea kuita jina hilo nyumbani aliliandika pia ofisini kwa Majivuno.

Kadiri alivyoendelea, majina yalizidi kuwa marefu. Katika Utubora Mkulima shujaa ameunganishwa kwa utu na bora. Ni mtu anayeacha kazi ya mshahara mjini na kwenda kushika jembe, na jina lake linamtetea kabla hajafungua mdomo. Katika Kufikirika, nchi nyingine iliyozaliwa na kitenzi, ambako mfalme na malkia wanahangaika kwa kukosa mtoto, kuna mtu anaitwa Utubusara Ujingahasara. Hapo jina limekuwa methali kamili: utu ni busara, ujinga ni hasara. Hesabu silabi, ni 11.

Sasa hapa ndipo mwandishi wa skripti anapaswa kuachana naye kidogo. Riwaya inasomwa kwa jicho, na jicho lina subira. Filamu inasikika. Jina la filamu linaitwa kutoka dirishani na mama anayeunguza mboga, linatamkwa na mtu aliyeshikwa koo, linanong'onwa gizani. Jaribu kumwita Utubusara Ujingahasara wakati gari linakuja kumgonga. Ukimaliza, msiba umeshatangazwa. Tena kwenye karatasi ya skripti jina linakaa juu ya kila mazungumzo, na anayeisoma anapitisha jicho haraka. Karama na Kabuli, Auni na Amini, wanaoanza kwa herufi moja na kukaribiana urefu, watamchanganya. Shaaban Robert hakuwa na shida hiyo, sisi tunayo. Ushauri wangu kwa wanaoniletea kazi ni mdogo: andika majina yote kwenye karatasi moja, angalia herufi za mwanzo, halafu toka nje uyaite kwa sauti hapo uwanjani. Wenzako wakikushangaa, potelea mbali.

Lakini tatizo la silabi ni dogo. Kuna kubwa zaidi, nalo nimelifikiria sana.

Angalia majina yake yote na uyagawe mafungu mawili. Fadhili, Amini, Karama, Radhia: haya ni majina ya watu kweli. Darasani kwetu Fadhili yupo. Majivuno, Hasidi, Mwivu: hakuna mama aliyejifungua akamwita mwanawe hivyo. Kumbe kwake wema wana majina ambayo mzazi angeweza kuyatoa, na wabaya wana majina ambayo hakuna mzazi angeyatoa. Wema wana wazazi. Wabaya wametoka moja kwa moja kwenye kalamu ya mwandishi. Ndiyo maana wabaya wake hawatuumi sana, maana hatuoni mtu aliyewahi kuwabeba mgongoni.

Maisha halisi ya Kiswahili yako tofauti. Sisi tuna akina Tabu, Shida, Mashaka na Masumbuko, na wengi wao ni watu wa raha kabisa, wachekeshaji wa mtaa. Jina lilieleza hali ya nyumba siku ya kuzaliwa, halikumtabiria mtoto. Chausiku alizaliwa usiku, basi. Jumanne alizaliwa Jumanne. Jina la Mwafrika mara nyingi ni habari za wazazi kuliko za mwenye jina. Mwandishi anayelijua hilo ana hazina mkononi, kwa sababu kati ya jina na mtu kuna nafasi, na ndani ya nafasi hiyo kuna hadithi.

Na jamani, Hasidi akitubu aitwe nani? Mwisho wa kitabu amerudi kuwa mtu, amesamehewa, lakini jina ni lile lile. Jina la sifa limemfunga kuliko ule umbo la nyani. Hili ndilo pungufu ninaloliona katika mbinu hiyo nzima, na ninaamini Shaaban Robert mwenyewe alikutana na jawabu lake, ila alikutana nalo nje ya riwaya.

Alikutana nalo Unguja, kwa mwanamke wa kweli. Siti binti Saad alizaliwa Fumba, yapata mwaka 1880, katika familia maskini, akafanya kazi ya kufinyanga vyungu na kuvitembeza akiviuza. Jina alilopewa na wazazi ni Mtumwa. Utumwa ulikuwa bado unaishi Unguja, hivyo jina hilo halikuwa mafumbo. Mwaka 1911 akahamia mjini, akajifunza kuimba, sauti yake ikamfikisha kwenye majumba ya wakubwa, na mwaka 1928 ikamfikisha Bombay kurekodi santuri. Njiani akapewa jina la Siti, yaani bibi, mwanamke wa heshima. Shaaban Robert alimhoji katika siku zake za mwisho, kabla hajafariki mwaka 1950, na Wasifu wa Siti Binti Saad ukatoka mwaka 1958.

Fikiria kilichotokea mezani pale. Mtu aliyetumia miaka akibuni akina Karama na Majivuno ameketi mbele ya mwanamke aliyeanza maisha akiitwa Mtumwa na anayamaliza akiitwa Siti. Hakuna aliyebuni. Kama angekuwa mhusika wa riwaya, mhakiki angesema mwandishi amezidisha chumvi. Na tofauti na Hasidi, huyu alilitoka jina lake. Lile la kwanza lilisema jamii ilimweka wapi, la pili likasema amefika wapi, na safari yote ya katikati ndiyo kitabu. Kwangu mimi huo wasifu ni somo bora la kutaja wahusika kuliko riwaya zake zote, kwa sababu unaonyesha jina likibadilika mbele ya macho yetu, na kila badiliko lina gharama yake.

Nirudi kwa mlinzi wetu wa getini mwenye jina la Kimasai.

Shaaban Robert aliandikia Tanganyika yenye makabila zaidi ya 100, yenye Waislamu, Wakristo na wa dini za jadi, iliyokuwa inaelekea kuwa taifa kabla haijajua itakuwaje. Ungeweza kutafuta kwenye kesi ya Kusadikika na usimpate Mzigua wala Mchaga. Msomaji wa Bukoba na wa Lindi walimkuta Karama akiwa hana kabila, hivyo wote wawili waliweza kumchukua. Ubaya nao haukupewa kabila. Majivuno hana kwao, kwa hiyo hakuna kijiji kilichoamka siku moja kikajikuta kimetukanwa na riwaya. Najua kuna anayeweza kunijibu kwamba majina yenyewe mengi yana asili ya Kiarabu na yananukia pwani na msikiti, kwa hiyo hayakuwa huru kama ninavyodai. Ni hoja ya haki. Na wajumbe wote sita ni wanaume, hilo nalo lisemwe. Lakini linganisha na skripti tunazoandika sisi, miaka zaidi ya 60 baada ya uhuru, na chuo kizima kimejaa watoto wa kila mkoa. Tunampa mwizi jina la kabila la mtu tunayekaa naye chumba kimoja hosteli, halafu tunamwalika aje kutazama filamu na kupiga makofi.

Rafiki yangu mmoja, sitamtaja, alitazama filamu ya namna hiyo ukumbini. Mhusika mshirikina na mjinga alikuwa na jina la ukoo wake kabisa, la babu yake. Ukumbi ulicheka. Naye alicheka, maana ungefanyaje? Tulipotoka aliniambia mwandishi ni mtu wanayesoma naye, na hakuwa na nia mbaya, jina lilimjia tu.

Simwambii mtu aandike akina Majivuno. Wakati ule umepita, na sisi hatuna gavana wa kumficha kitu, au tukiwa naye tutafute pazia letu. Ninachokichukua kwa mzee huyu ni ile kazi aliyoifanya kabla ya kuandika jina. Alijiuliza jina hili linamtumikia nani, linamuumiza nani, na linasema nini wakati mhusika amenyamaza. Kwa skripti ya leo ningeongeza swali la wazazi: nani alimpa jina hili, siku gani, nyumba ilikuwa na hali gani? Kisha swali la mtaa: wanaomfahamu wanamwitaje? Mtu wa kweli ana majina matatu au manne. Mama Fulani, fundi, mwalimu, jina la utani la shuleni. Anayetumia jina lipi mbele ya nani, hapo unaonyesha uhusiano wao bila kuandika mstari mmoja wa maelezo. Na mwisho swali la Siti: je, mpaka filamu inakwisha, bado jina lile linamtosha?

Shaaban Robert alifariki Juni 1962, akiwa na miaka 53. Tanganyika ilikuwa na uhuru wa miezi sita tu. Alikuwa ameshatuzwa na Waingereza nishani ya MBE na kupata tuzo ya uandishi ya Margaret Wrong, na amekaa kwenye kamati za kukuza Kiswahili, lakini vitabu vyake kadhaa vilikuwa bado havijachapwa. Kufikirika kilitoka mwaka 1967, Utubora Mkulima na Siku ya Watenzi Wote mwaka 1968. Katika hicho cha mwisho hadithi imeshuka kutoka angani hadi Dar es Salaam, mji tunaoujua, na shujaa anaitwa Ayubu, jina la nabii wa subira ambalo Mwislamu na Mkristo wanalo wote, na ambalo mzazi yeyote wa Kariakoo angeweza kumpa mwanawe. Mimi naona alikuwa amefika mahali: jina bado lina maana yote aliyoitaka, lakini sasa lina mtu wa kweli ndani yake, na unaweza kuliita kutoka dirishani.

Leo Dar es Salaam kuna shule ya sekondari inayoitwa Shaaban Robert, na Makumbusho ya Taifa yako kwenye mtaa wenye jina hilo hilo. Makondakta na madereva wa bajaji wanalitaja kila siku, yote mawili kwa pamoja, mwezi wa Kiislamu na jina la Kizungu, wala hakuna anayejikwaa katikati.